Mwongozo Kamili wa Kuorodhesha Yaliyomo katika Majarida ya Kale ya Hadithi za Kusisimua

Nimepitia orodha nyingi zilizoandaliwa na wapenzi wa majarida ya kale ya hadithi za kusisimua, hasa yale ya Marekani na Uingereza, na karibu zote zimekwama mahali pamoja. Mworodheshaji hufungua jarida, hunakili ukurasa wa yaliyomo neno kwa neno, hulifunga, kisha huhesabu kwamba kazi imekwisha. Miezi sita baadaye msomaji mwingine huitafuta hadithi aliyo nayo mkononi na haioni, au huiona kwa kichwa kingine, chini ya jina la mtu asiyemfahamu.

Ukurasa wa yaliyomo uliandikwa ili kumvutia mnunuzi. Mara nyingi uliacha vitu vidogo, ukafupisha vichwa vya hadithi, na kukosea namba za kurasa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: andika kwanza kile kilichochapishwa, pale kilipochapishwa, na yale unayoyajua wewe yaingie baadaye, katika safu yake yenyewe.

## Vifaa vinavyohitajika

- Jarida lenyewe, au nakala yake ya skani iliyo kamili.
- Meza pana iliyofutwa ikakauka, na kitambaa cheupe cha kutandika juu yake.
- Taulo mbili ndogo zilizokunjwa, za kuegemeza majalada ya pande zote mbili.
- Penseli laini na daftari. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo hata kidogo.
- Rula, na simu yenye kamera.
- Programu ya lahajedwali katika kompyuta.
- Mifuko ya poliesta na kadibodi isiyo na asidi kwa ajili ya kuhifadhia.

Glavu si za lazima. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri huhisi ukingo wa karatasi kuliko glavu ya pamba, ambayo hunasa kwenye karatasi iliyochakaa na kuipasua.

## Hatua ya 1: Andaa jarida kabla ya kulisoma

Majarida mengi ya hadithi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, yale ambayo Wamarekani waliyaita pulp, yalichapishwa kwenye karatasi duni ya rojo la mbao. Karatasi hiyo ina lignini na asidi, hivyo mwanga na joto huigeuza kuwa ya kahawia, kisha hukauka na kuvunjika kama jani la mwembe lililoanguka wakati wa kiangazi. Isitoshe, kurasa zake kwa kawaida zilifungwa kwa pini za chuma zilizopigwa kutoka ubavuni, kwa hiyo jarida halikukusudiwa kulala wazi mezani.

Weka taulo moja chini ya kila jalada, ufungue jarida kwa pembe isiyozidi ile ya kona ya chumba, na ugeuze ukurasa kwa kuushika kwenye kona ya juu. Usilowanishe kidole kwa mate. Usibandike gundi wala utepe wa plastiki. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliunganisha jalada lililochanika kwa utepe wa kawaida wa ofisini, nikajipongeza. Miaka minne baadaye utepe ulikuwa umegeuka rangi ya chai, umejikunja, na umeacha doa la gundi juu ya tarehe ya toleo.

Anayeishi pwani, iwe Mombasa, Tanga au Unguja, ana adui wa ziada: unyevunyevu. Pini hushika kutu na kutu hula karatasi inayozizunguka. Pini ikiwa tayari imeota kutu, usiing'oe. Andika tu hali hiyo katika maelezo.

Anayetumia nakala ya skani ana kazi tofauti. Ahakikishe kwanza kwamba kurasa zote zipo, kwa kufuata namba zilizochapishwa kwenye karatasi na si namba za faili. Waliopiga skani wengine huruka kurasa za matangazo, na nyuma ya tangazo mara nyingi kuna shairi.

Dalili ya kufanikiwa: baada ya kupitia jarida zima, chembe za karatasi zilizobaki kwenye kitambaa hazijai kijiko cha chai, na hakuna hata moja yenye herufi juu yake.

## Hatua ya 2: Tambua toleo ulilo nalo

Utambulisho wa toleo hupatikana mahali pane: jalada la mbele, mgongo wa jarida, kichwa cha ukurasa wa yaliyomo, na maandishi madogo ya mchapishaji ambayo mara nyingi hukaa chini ya ukurasa huohuo. Soma sehemu zote nne, kwa sababu hazikubaliani kila mara. Maandishi madogo ndiyo yenye nguvu zaidi kuhusu jina rasmi, juzuu na namba, wakati jalada ndilo linaloaminika zaidi kuhusu bei.

Jina la jarida linastahili uangalifu wa pekee. Argosy lilianza mwaka 1882 likiwa The Golden Argosy, jarida la watoto. Mwaka 1888 likaitwa The Argosy. Mwaka 1920 likaunganishwa na All-Story na kuitwa Argosy All-Story Weekly. Mwaka 1929 likabaki Argosy. Blue Book lilizaliwa mwaka 1905 kwa jina la The Monthly Story Magazine. Mtu anayeandika "Argosy" kwa matoleo yote hayo amempa mtafutaji wa kesho kitendawili. Andika jina la siku ile, kisha uweke safu ya pili yenye jina la jumla linalounganisha majina yote.

Tarehe nayo iandikwe kamili. Adventure, lililoanza mwaka 1910, lilifika mahali katika miaka ya 1920 likawa linatoka mara tatu kwa mwezi, tarehe 10, 20 na 30, kwa hiyo kuandika mwezi na mwaka pekee ni kuchanganya matoleo matatu kuwa moja. Fahamu pia kwamba tarehe ya jalada kwa kawaida ilitangulizwa: jarida lenye tarehe ya Oktoba lilikwisha kuuzwa kabla ya Oktoba. Usijaribu kuisahihisha. Iandike ilivyo.

Dalili ya kufanikiwa: mtu aliye mbali anaweza kusoma mstari wako mmoja na kulitambua toleo lilelile bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 3: Pitia ukurasa baada ya ukurasa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huruka. Funika ukurasa wa yaliyomo kwa karatasi safi ili usikushawishi, kisha anza na jalada la mbele kwa ndani na uendelee hadi jalada la nyuma. Kila kitu chenye kichwa au chenye jina la mtu kiandikwe kwa penseli katika daftari pamoja na ukurasa kinapoanzia na kinapoishia: hadithi, mashairi, makala, safu za kudumu, barua, na vile vijisehemu vya aya mbili tatu vilivyowekwa kujaza nafasi chini ya hadithi.

Wengi huniuliza kama vijisehemu na safu vina thamani yoyote. Chukua Adventure chini ya mhariri Arthur Sullivant Hoffman, aliyeliongoza kuanzia mwaka 1912 hadi 1927. Katika safu yake ya Camp-Fire waandishi walieleza walikotoa habari za hadithi zao, na wasomaji waliokuwa wamefika sehemu hizo wakawabishia bila huruma. Ask Adventure ilikuwa na wajuzi wa kila pembe ya dunia waliojibu maswali ya wasafiri. Lost Trails ilichapisha majina ya watu waliokuwa wakitafutwa na ndugu na marafiki zao. Na safu ya nyimbo za zamani, iliyosimamiwa na Robert W. Gordon kuanzia mwaka 1923, ilikusanya kutoka kwa mabaharia na vibarua nyimbo ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Mwaka 1928 bwana huyo akawa mkuu wa kwanza wa hifadhi ya nyimbo za jadi katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mworodheshaji aliyeandika hadithi tu ameiacha nusu ya utajiri wa jarida hilo kapuni.

Majarida ya wanaume ya miaka ya 1950 na 1960 yana mtego mwingine. Hadithi huanza katikati ya jarida kwa kurasa tatu zenye picha kubwa, kisha hukatwa na kumaliziwa nyuma, kati ya matangazo ya dawa za nywele na kozi za posta. Fuata kila mkato hadi mwisho wake na uandike vipande vyote: 22–24, 78–84. Ukiandika 22 pekee, hadithi ya kurasa kumi itaonekana kama kijisehemu.

Matangazo ya biashara hayahitaji kuorodheshwa moja moja. Tangazo la kuorodheshwa ni lile la toleo lijalo, kwa kuwa wakati mwingine linataja hadithi ambayo haikutoka kamwe, au iliyotoka kwa kichwa kingine.

Dalili ya kufanikiwa: hakuna ukurasa wenye namba ambao huwezi kusema kilichomo. Hakikisha kwa kufunga macho, kuchagua namba yoyote, na kuitafuta katika daftari lako.

## Hatua ya 4: Jaza jedwali

Fungua lahajedwali na uweke safu hizi: jina la jarida kama lilivyochapishwa, jina la jumla, juzuu, namba, tarehe, kurasa, kichwa cha kazi, mwandishi kama alivyochapishwa, mwandishi halisi, aina, sehemu, mchoraji, maelezo. Kila kazi ipewe mstari wake. Usiweke kazi mbili katika mstari mmoja hata kama ni mashairi mawili ya mtu mmoja kwenye ukurasa mmoja.

Mfano wa karibu ni huu, kutoka toleo la Februari 1912 la The All-Story:

- Kichwa: Under the Moons of Mars
- Mwandishi kama alivyochapishwa: Norman Bean
- Mwandishi halisi: Edgar Rice Burroughs
- Aina: hadithi ya mfululizo
- Sehemu: 1 ya 6
- Maelezo: mwandishi alikusudia lakabu iwe Normal Bean, ikabadilishwa katika uchapaji. Kitabu kilitoka mwaka 1917 kwa jina la A Princess of Mars.

Mstari huo mmoja unaonyesha kwa nini safu za mwandishi ni mbili. Aliyeandika "Burroughs" pekee ameficha jambo ambalo msomaji wa mwaka 1912 aliliona. Aliyeandika "Normal" amesahihisha kosa ambalo ni sehemu ya kumbukumbu. Na aliyeandika "Norman Bean" bila safu ya pili amemkosesha mtafutaji njia ya kufika.

Kuhusu aina, tumia maneno machache na uyashikilie: riwaya kamili, riwaya fupi, hadithi fupi, hadithi ya mfululizo, shairi, makala, safu, barua, kijisehemu. Jarida likisema kwamba hadithi yake ya kurasa kumi na tano ni "riwaya kamili", na majarida hayo hayakuona haya kusema hivyo, andika dai hilo katika maelezo na uiweke hadithi mahali pake. Ukikutana na hadithi za picha, kama zile za jarida la African Film zilizomfanya Lance Spearman kuwa shujaa wa vijana wa Afrika Mashariki, ongeza aina ya "hadithi ya picha" na uandike pia majina ya waigizaji pale yanapotajwa.

## Hatua ya 5: Sasa funua ukurasa wa yaliyomo

Linganisha daftari lako na ukurasa uliokuwa umeufunika. Tofauti zitakuwepo. Kichwa kilicho juu ya hadithi yenyewe ndicho kinachoshinda, na kile cha ukurasa wa yaliyomo huingia katika maelezo. Namba ya ukurasa ikitofautiana, ile ya hadithi yenyewe ndiyo sahihi.

Usishangae ukiona namba zinaanzia 145 au 289. Baadhi ya majarida ya kila wiki yaliendeleza namba kutoka toleo hadi toleo ndani ya juzuu moja, na nakala yako haijapoteza kitu.

## Hatua ya 6: Fungua majina ya waandishi

Hatua hii ifanywe mwisho wa toleo, kwa kuwa inamvuta mtu kwenye utafiti na kumtoa kwenye jarida. Majina yaliyochapishwa yako ya namna tatu.

La kwanza ni jina halisi, lisilo na tatizo. La pili ni lakabu ya mtu mmoja. Talbot Mundy, mwandishi aliyeng'ara katika Adventure, alizaliwa London mwaka 1879 akiitwa William Lancaster Gribbon, akaishi kwa muda katika Afrika Mashariki ya Waingereza kabla ya kwenda Marekani, na katika jarida hilohilo aliandika pia kwa jina la Walter Galt. Frederick Faust, anayejulikana zaidi kwa jina la Max Brand, alikuwa na lakabu nyingi kiasi kwamba kazi zake zaidi ya moja ziliweza kutoka katika toleo moja kana kwamba ni za watu tofauti. George Owen Baxter na David Manning ni yeye huyohuyo.

Namna ya tatu ndiyo inayowaumiza wengi: jina lililomilikiwa na mchapishaji. Maxwell Grant wa jarida la The Shadow hakuwa mtu mmoja. Kati ya matoleo 325 ya jarida hilo, Walter B. Gibson aliandika riwaya 282, na zilizobaki ziliandikwa na wengine chini ya jina lilelile. Kenneth Robeson wa jarida la Doc Savage alikuwa kwa sehemu kubwa Lester Dent, lakini si kila mara. Kwa majina ya namna hii usijaze safu ya mwandishi halisi kwa mazoea. Thibitisha kwa kila toleo, na usipopata uthibitisho acha safu tupu. Safu tupu hujazwa siku yoyote, ila jina lisilo sahihi likishanakiliwa na watu kumi haling'oki tena.

Kwa uthibitisho, mahali pa kwanza pa kutazama ni orodha kubwa ya FictionMags iliyoko kwenye intaneti, iliyojengwa na William G. Contento na Phil Stephensen-Payne pamoja na wasaidizi wengi. Itumie kulinganisha baada ya kumaliza kazi yako, si kabla, la sivyo macho yako yataona kile ambacho orodha imesema.

## Hatua ya 7: Unganisha hadithi za mfululizo

Kila sehemu hubaki katika mstari wa toleo lake, na katika maelezo huandikwa mahali pa sehemu iliyotangulia na inayofuata. The Maltese Falcon ya Dashiell Hammett ilitoka katika Black Mask kwa sehemu tano, kuanzia Septemba 1929 hadi Januari 1930. Aliyepata toleo la Novemba pekee ana sehemu ya tatu, na orodha yake iseme hivyo. Aidha, Hammett alirekebisha maandishi kabla ya kitabu kutoka mwaka 1930, kwa hiyo usiandike kwamba jarida na kitabu ni kitu kimoja.

Kichwa nacho hubadilika njiani. Mwaka 1919 Adventure lilichapisha riwaya ya Mundy kwa jina la On the Trail of Tippoo Tib, na kitabu kikaitwa The Ivory Trail. Hapa msomaji wa Kiswahili anamzidi mworodheshaji wa New York: anajua mara moja kwamba huyo ni Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar. Jina liachwe lilivyochapishwa katika safu ya kichwa, na tahajia yetu iingie katika maelezo, ili anayetafuta "Tippu Tip" afike. Fanya hivyohivyo kwa majina ya miji, mito na makabila ambayo waandishi hao waliyasikia nusu na kuyaandika robo.

## Hatua ya 8: Pima neno "kweli"

Majarida mengi ya wanaume yaliuza hadithi zake kama visa vya kweli. The Wide World Magazine la Uingereza lilianza mwaka 1898 likijinadi kwa ukweli, na mwaka huohuo likachapisha maajabu ya Louis de Rougemont, ambayo gazeti la Daily Chronicle liliyafichua kuwa uongo. Miongo kadhaa baadaye, katika majarida ya kampuni ya Magazine Management, Mario Puzo aliandika visa vya vita kwa jina la Mario Cleri, na mapigano mengine yaliyosimuliwa humo hayakuwahi kutokea nje ya ofisi ya mhariri.

Usiwe hakimu, lakini usiwe shahidi pia. Katika safu ya aina andika "kisa kinachodaiwa kuwa cha kweli". Neno "makala" liwekwe tu pale ambapo maandishi yenyewe yana watu, mahali na tarehe zinazoweza kufuatiliwa.

## Hatua ya 9: Picha na jalada

Tafuta saini ya mchoraji kwenye kona za chini za picha ya jalada, kisha katika maandishi madogo. Wachoraji nao walikuwa na lakabu: Mort Künstler alisaini baadhi ya kazi zake Emmett Kaye. Piga picha ya jalada kwa mwanga wa dirishani, simu ikiwa sambamba na meza, bila mmweko. Hadithi inayoonyeshwa jaladani itajwe ikiwa ipo, maana mara nyingine jalada halina uhusiano na chochote kilichomo.

## Hatua ya 10: Hakiki na uhifadhi

Acha orodha ilale siku mbili. Kisha mpe mtu mwingine jarida nawe ubaki na jedwali. Asome vichwa kwa sauti, herufi kwa herufi pale penye majina, nawe ufuatilie kwa penseli. Mimi hufanya kazi hii na binti wa dada yangu, ambaye hajali hadithi hizo hata kidogo, na ndiyo sababu hukamata makosa ambayo mimi huyapita.

Baada ya hapo rudisha jarida katika mfuko wake, kadibodi nyuma, lilale kwenye sanduku mbali na ukuta wa nje na mbali na dirisha. Hifadhi jedwali mahali pawili tofauti, na uandike kwa penseli juu ya kadibodi, kamwe si juu ya jarida, tarehe uliyomaliza na namba ya mstari wa kwanza wa toleo hilo katika jedwali lako.